Do Isiyotulia: Namna ya Kumsikiliza John Coltrane

Kati ya Aprili 22 na Mei 4, mwaka 1959, zimo siku kumi na mbili tu. Aprili 22 John Coltrane, mpuliza saksafoni wa jazi wa Marekani, alikuwa studio jijini New York, mmoja wa wapiga muziki wa mpiga tarumbeta Miles Davis, wakimalizia Kind of Blue, albamu iliyotulia kama maji ya mtungi. Mei 4 alikuwa studio nyingine ya jiji hilo hilo, mara hii kundi likiwa lake, akirekodi Giant Steps, albamu ambayo wimbo wake wa kwanza unakwenda kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Mpulizaji ni yule yule na saksafoni ni ile ile.

Wengi wanaoanza kumsikiliza hukwama hapo. Wanamsikia Coltrane wa kasi, wanamsikia Coltrane wa nyimbo laini za mapenzi, wanamsikia Coltrane wa sala, halafu wanakutana na Coltrane wa miaka ya mwisho, saksafoni ikilia na kupasuka, nao wanazima. Majarida nayo humkata vipande: kipindi hiki, kipindi kile, kama vile mtu alikuwa akivua ngozi. Mimi sikubaliani na ukataji huo. Nikimfuata kuanzia 1957 hadi 1967 namsikia mtu mwenye swali moja, na swali lenyewe yeyote aliyewahi kuimba kwaya anaweza kulishika: nyumbani kwa wimbo ni wapi, na mtu anaweza kwenda umbali gani bila kupotea?

Kabla ya hapo, neno lenyewe. Sisi tuliokulia kwenye OK Jazz ya Kinshasa, Western Jazz, Morogoro Jazz na Nuta Jazz tumezoea kwamba jazi ni bendi ya dansi yenye magitaa matatu na wapulizaji nyuma. Jina lilisafiri, muziki wenyewe ukabaki kwao. Jazi ya Coltrane ni muziki wa Wamarekani weusi ambao moyo wake ni kubuni papo hapo. Kundi linapiga wimbo mara moja kama ulivyo. Kisha mmoja anaingia mbele na kutunga sauti mpya juu ya mifupa ya wimbo ule ule, mzunguko baada ya mzunguko, wenzake wakimshikilia chini. Akimaliza anampisha mwingine. Mwishoni wimbo unarudi. Kwa hiyo ukimsikia mpulizaji wa jazi akienda dakika kumi bila kurudia kitu, mifupa ya wimbo bado inazunguka pale chini, hata kama husikii maneno.

Mifupa hiyo ni nini? Nilifundishwa muziki kwa do-re-mi ubaoni, kama kwaya nyingi za kwetu zinavyofundishwa hadi leo, na sijapata njia bora ya kulieleza jambo hili. Mwalimu anatoa do, kila sauti inajipanga kuizunguka. Do ndiyo nyumbani. Wimbo ukitoka, sikio linasubiri urudi. Sauti tatu au nne zikipigwa kwa pamoja, zile ambazo wapiga gitaa huziita kodi, zinamweleza msikilizaji yuko chumba gani cha nyumba hiyo: sebuleni, ukumbini, au mlangoni karibu kutoka. Na mara nyingine mwalimu huamua ubeti wa mwisho uimbwe juu kidogo. Do inahama. Kila mwimbaji anaujua mshtuko ule mdogo wa tumboni, kana kwamba nyumba nzima imenyanyuliwa na kuwekwa mahali pengine nawe umo ndani.

Shikilia mshtuko huo. Coltrane aliufanyia kazi maisha yake yote.

Mjukuu wa mchungaji

Alizaliwa Septemba 23, 1926, Hamlet, North Carolina, akakulia High Point katika jimbo hilo hilo. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyependa kupiga ala za nyuzi nyumbani. Babu mzaa mama, William Blair, alikuwa mchungaji wa kanisa la African Methodist Episcopal Zion, na nyumba yake ndiyo iliyomlea kijana. Halafu, John akiwa na miaka kumi na miwili, kifo kikaingia na kurudi ndani ya miezi michache: babu akaondoka, baba akaondoka, wengine wa karibu wakafuata. Mama akaelekea kaskazini kutafuta kazi za ndani. Ni katika kipindi hicho mtoto alipoanza kupuliza, kwanza kwenye bendi ya vijana ya mtaani, kisha shuleni, na waliomjua wanakubaliana juu ya jambo moja: alianza kufanya mazoezi na hakuacha tena. Sipendi kumpima marehemu kwa saikolojia ya kubahatisha, lakini mtoto aliyeona nyumba ikimomonyoka namna ile, kisha akaja kuwa mtu mzima anayeuliza nyumbani ni wapi, ni vigumu kutomwona.

Mwaka 1943 alihamia Philadelphia. Juni 1945 alimsikia Charlie Parker jukwaani, na mwenyewe alisema baadaye kwamba alichokisikia kilimpata katikati ya macho. Parker na wenzake walikuwa wamebuni bibopu, jazi ya mwendo mkali ambayo kodi zake hubadilika haraka na mpulizaji hulazimika kukimbia nazo. Miezi miwili baadaye Coltrane aliingia jeshi la majini. Tarehe ya kujiunga ni Agosti 6, 1945, siku ya bomu la Hiroshima. Alipelekwa Hawaii, akapuliza na wanamaji wenzake, akarudi mwaka uliofuata.

Miaka kumi iliyofuata naipita haraka, kwa sababu ilikuwa miaka ya uanagenzi. Alikuwa akipuliza alto kama Parker. Eddie Vinson, aliyekuwa mpulizaji wa alto mwenyewe, alimtaka apulize tenori, saksafoni nzito zaidi, ile domo la bata ambalo hata wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam wanalitambua wakilisikia. Akapita kwenye bendi ya Dizzy Gillespie, ya Earl Bostic, ya Johnny Hodges. Kwenye shule ya Granoff jijini Philadelphia alisoma nadharia kwa Dennis Sandole, mwalimu aliyemfungulia hesabu za kodi. Na alianza kutumia unga.

1955 Miles Davis akamchukua. Kundi hilo la watu watano, lenye Red Garland kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Philly Joe Jones kwenye drams, likawa kundi lililozungumzwa kuliko yote. Lakini mpulizaji wake wa tenori alikuja jukwaani amechakaa, akisinzia, nguo zimekunjamana. Aprili 1957 Miles akamfukuza.

Mwaka 1957

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Coltrane alirudi Philadelphia, kwenye nyumba aliyoinunua mwaka 1952 katika Barabara ya 33 na kumweka mama yake. Akamwambia mama na mkewe Naima kwamba anaacha. Hakuenda hospitali. Alijifungia chumbani, arosto ikamtafuna siku kadhaa, wao wakimpelekea maji. Akatoka hatumii heroini wala hanywi pombe. Miaka saba baadaye aliandika kwenye jalada la albamu yake kwamba mwaka huo, kwa neema ya Mungu, alipata mwamko wa kiroho, na kwamba aliomba apewe njia ya kuwafurahisha watu kwa muziki. Kuna waandishi wanaopita juu ya maneno hayo kwa haraka, wakiona haya kidogo kwa ajili yake. Sioni sababu. Alichoahidi kinasikika: mpulizaji aliyeingia chumba kile alikuwa mzuri, na yule aliyeonekana miezi michache baadaye alikuwa mwingine kabisa.

Kiangazi cha mwaka huo alijiunga na mpiga piano Thelonious Monk kwenye klabu ndogo ya Five Spot, New York, wakakaa hapo miezi kadhaa. Monk alikuwa na tabia moja iliyomfaa Coltrane kuliko masomo yote. Katikati ya wimbo aliinuka kwenye piano, akaanza kucheza taratibu pembeni ya jukwaa, akamwacha mpulizaji na besi na drams tu. Piano ndiyo inayotamka kodi. Ikinyamaza, mifupa ya wimbo inabaki kichwani mwa mpulizaji peke yake. Usiku baada ya usiku Coltrane alilazimika kubeba nyumba nzima mwenyewe, na akagundua kwamba panapokuwa wazi namna ile anaweza kupanga vyumba apendavyo. Kwa miaka mingi tulikuwa na rekodi chache sana za wawili hao pamoja. Mwaka 2005 kanda ya onyesho lao la Novemba 29, 1957, ukumbi wa Carnegie Hall, iligunduliwa ndani ya Maktaba ya Bunge la Marekani, safi kana kwamba imerekodiwa jana. Ukiwa na saa moja tu ya kumpa Coltrane, anzia hapo.

Mwanzoni mwa 1958 Miles akamrudisha. Mwandishi Ira Gitler alitafuta namna ya kueleza anachosikia, akasema ni shuka za sauti. Neno zuri. Sauti zilitoka kwa kasi kiasi kwamba sikio liliacha kuzihesabu, likaona kitambaa kimoja kinatandazwa. Coltrane mwenyewe alieleza mbinu hiyo mwaka 1960 bila kuifanya muujiza: piano ikipiga kodi moja, yeye alijaribu kupitisha kodi tatu juu yake, na kwa kuwa sauti zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ilibidi azipange tano tano au saba saba badala ya nne nne za kawaida. Miles, ambaye yeye alijulikana kwa kuacha kimya kisemee, alimuuliza kwa nini anapuliza muda mrefu vile. Akajibu kwamba akishaingia hajui atokeje. Miles akamwambia: toa saksafoni mdomoni.

Mara kumi kwa sekunde kumi na tatu

Sasa turudi kwenye zile siku kumi na mbili.

Kwenye Kind of Blue, Miles aliamua kuondoa karibu kodi zote. Wimbo wa kwanza, So What, una mistari thelathini na miwili ya mapigo manne manne, na ndani yake do inahama mara moja tu: inapanda hatua moja ndogo, inakaa mistari minane, inashuka kurudi ilipotoka. Mpulizaji ana karibu dakika nzima ya kutembea ndani ya nyumba moja. Anaweza kufungua madirisha.

Giant Steps ni kinyume chake kabisa. Chukua piano, hesabu vitufe vyote, vyeupe na vyeusi, kutoka sauti moja hadi sauti hiyo hiyo ya juu: vipo kumi na viwili. Coltrane aliigawa duara hiyo sehemu tatu zilizo sawa, kila moja vitufe vinne kutoka mwenzake, umbali wa do hadi mi. Akapata do tatu, kwa majina ya wapiga piano B, G na E bapa. Kisha akatunga wimbo wa mistari kumi na sita unaoruka baina ya nyumba hizo tatu bila kupumzika. Kodi ni ishirini na sita. Kwa mwendo walioupiga studio, mzunguko mmoja unaisha kwa sekunde kumi na tatu hivi, na ndani ya sekunde hizo do inahama mara kumi. Ule mshtuko wa tumboni ambao kwaya huupata mara moja kwenye ubeti wa mwisho, hapa unakuja karibu kila sekunde.

Na ugumu ni zaidi ya kasi. Nyumba hizi tatu hazina ujirani. Katika nyimbo tulizozoea, do ikihama huenda kwa jirani ambaye tunachangia naye sauti nyingi, kwa hiyo vidole na sikio vinavuka uzio bila kujikwaa. Kati ya B, G na E bapa hakuna uzio wa kuvuka, kuna mto. Mpulizaji inambidi awe ameshafanya mazoezi ya kila ruko mpaka mwili ulijue kabla ya akili.

Coltrane alikuwa ameyafanya. Tommy Flanagan, aliyekuwa kwenye piano siku hiyo, hakupata muda. Sikiliza zamu yake kwenye rekodi: anaanza kwa mstari mzuri, anachelewa, unakatika, mwishoni anabaki kuweka kodi tu ili asipotee, mpaka Coltrane anarudi kumwokoa. Flanagan alikuwa mmoja wa wapiga piano bora wa Marekani. Mwaka 1982 alirekodi albamu nzima ya kumkumbuka Coltrane, na humo akaupiga wimbo ule tena, safari hii akitembea juu yake bila shida. Naipenda zamu yake ya mwanzo hata hivyo. Inatuonyesha kwa mizani ya kweli uzito wa kitu ambacho Coltrane anakifanya kionekane chepesi.

Jambo moja husahaulika kwa sababu ya hesabu hizi: albamu hiyo imejaa watu wa nyumbani. Mna wimbo wa binamu yake Mary, aliyekua naye High Point. Mna wa Syeeda, binti wa Naima aliyemlea kama wake. Mna wa Paul Chambers, mpiga besi. Na mna Naima, wimbo wa taratibu sana, ambao besi yake inakaa juu ya sauti moja, katikati inahamia nyingine moja tu kisha inarudi, huku kodi zikielea juu yake kama moshi wa ubani. Wimbo huo ulirekodiwa Desemba 1959, miezi saba baada ya ule wa kukimbia. Tayari alikuwa anageuka.

Nyumba moja, madirisha yote

Aprili 1960 alimwacha Miles na kuunda kundi lake. McCoy Tyner, kijana wa Philadelphia, kwenye piano. Elvin Jones kwenye drams, mtu ambaye mikono na miguu yake ilipiga midundo mitatu minne kwa pamoja, kana kwamba chapuo, vumi na msondo vimekabidhiwa mpigaji mmoja. Baadaye Jimmy Garrison kwenye besi. Oktoba mwaka huo walichukua My Favorite Things, wimbo wa mapigo matatu matatu kutoka tamthilia ya muziki iliyokuwa ikionyeshwa Broadway, wakaunyoosha hadi karibu dakika kumi na nne.

Kwa nini wimbo mwepesi vile ukawa mkubwa vile? Kwa sababu zamu ya kubuni ilipofika, waliitupa mifupa ya wimbo, wakabakisha kodi mbili zinazobembea, huzuni na furaha, huzuni na furaha, kadiri mpulizaji anavyotaka. Na Coltrane akaleta saksafoni ya soprano, ambayo wakati huo wachache sana waliitumia. Sauti yake ni kali, ina pua. Kila niisikiapo nasikia zumari la pwani. Wapenzi wa taarabu ya Unguja hawahitaji kuelezwa mengi hapa: mpiga udi akipiga taksimu kabla ya wimbo, hana haja ya kodi kubadilika. Ana sauti moja ya kusimamia, ana makamu yake, yaani ngazi yake ya sauti, na anachokifanya ni kukizunguka kituo hicho mpaka kila pembe yake imeonekana. Coltrane alikuwa akisikiliza sana muziki wa India katika miaka hiyo, na mwanawe aliyezaliwa 1965 alimpa jina la Ravi Shankar, mpiga sitar wa India.

Afrika nayo ilikuwemo. Mapema zaidi, mwaka 1958, alipuliza kwenye wimbo uitwao Tanganyika Strut katika kundi la Wilbur Harden, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Ghana ilikuwa imejitawala mwaka uliotangulia, na wanamuziki weusi wa Marekani walianza kuyavaa majina ya bara kwa fahari. Mwaka 1961 alirekodi Africa akiwa na kundi kubwa la wapulizaji na besi mbili, moja ikishika sauti ile ile chini muda wote. Ni do iliyogoma kuhama.

Wahakiki wengine hawakupendezwa. Novemba 1961 jarida la DownBeat lilichapa maoni kwamba anachofanya na mpulizaji mwenzake Eric Dolphy ni kuipinga jazi. Alijibu kwa upole katika jarida hilo hilo, akarudi kwenye mazoezi. Katika miaka miwili iliyofuata alitoa pia albamu za nyimbo laini, moja na Duke Ellington, moja na mwimbaji Johnny Hartman. Anayesema Coltrane hakujua kubembeleza hajazisikia.

Septemba 15, 1963, bomu liliua wasichana wanne katika kanisa la Barabara ya 16 huko Birmingham, Alabama. Watatu walikuwa na miaka 14, mmoja 11. Miezi miwili baadaye Coltrane alirekodi Alabama. Piano inatetema juu ya sauti moja, saksafoni inasoma juu yake kama mtu anayesimama mbele ya jeneza na hataki kulia. Wimbo hauna hasira ya wazi hata mahali pamoja. Kwa muda mrefu sikuelewa, sasa naamini ndiyo sababu haujazeeka.

Sala

Mwaka 1964, nyumbani kwake Dix Hills, Long Island, alipanda ghorofani akakaa siku kadhaa karibu bila kushuka. Alice, aliyekuja kuwa mke wake wa pili, alisimulia kwamba aliposhuka alikuwa kama Musa anayeshuka mlimani, ametulia, akamwambia kwamba kwa mara ya kwanza amepewa muziki wote mzima. Desemba 9 walirekodi A Love Supreme katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, sehemu nne, zote kikao kimoja.

Besi inaanza na sauti nne. Kwa do-re-mi ni la, do, la, re. Jimmy Garrison anazirudia, zinakuwa ardhi. Coltrane anapuliza juu yake dakika kadhaa, kisha anafanya kitu ambacho bado kinanisimamisha nywele: anazichukua zile sauti nne na kuanza kuzipiga kutoka kila do iliyopo. Anapanda, anashuka, anaruka, mpaka amezipitia zote kumi na mbili. Chini yake besi imekaa pale pale. Haihami.

Mto wa Giant Steps uko hapa, na utulivu wa So What uko hapa, kwa wakati mmoja. Mwaka 1959 alihamisha nyumba na kumlazimisha kila mtu akimbie naye. Sasa ardhi imetulia na yeye ndiye anayetembea, akilitamka neno moja kwenye kila mlango wa mji. Baada ya hapo ndipo sauti za binadamu zinapoingia na kuliimba, maneno matatu yenye silabi nne, jina la albamu. Anayezijua hesabu anasikia ukamilifu wa duara. Babu yake mchungaji angesikia mahubiri kwamba Mungu yuko kila mahali. Hakuna haja ya kuchagua.

Sehemu ya nne, Psalm, haina mapigo. Ndani ya jalada mlichapwa shairi la sala, na ukilishika mkononi huku ukisikiliza utagundua kwamba saksafoni inalisoma, silabi kwa silabi, mstari ukiishia pale pumzi inapoishia. Si wimbo wala si maneno. Sisi tuliosikia utenzi ukighanwa tunaijua nafasi hiyo iliyo katikati.

Pasipo do

Angeweza kukaa hapo. Juni 1965 alikusanya wanamuziki kumi na mmoja, akarekodi Ascension, dakika karibu arobaini ambamo wapulizaji saba wanapaa pamoja bila kodi za kuwapanga. Tyner akaondoka mwishoni mwa mwaka, akisema hasikii tena anachopiga. Elvin akafuata Januari 1966. Nafasi zao zikachukuliwa na Alice kwenye piano na Rashied Ali kwenye drams, na Pharoah Sanders akaongezeka upande wa saksafoni. Wasikilizaji wengi walitoka ukumbini.

Sitamlaumu aliyetoka. Ascension ni nzito na mimi huifikia mara chache. Ila kuna mlango mwingine wa kuingilia miaka hiyo, nao ni Interstellar Space, ya Februari 1967: Coltrane na Rashied Ali peke yao. Hamna piano, hamna besi. Kwa kuwa ni watu wawili tu, sikio linapata nafasi ya kuona kinachoendelea. Anachukua kipande kidogo cha sauti, anakihamisha, anakipindua, anakipeleka do nyingine na nyingine, kama alivyofanya kwenye A Love Supreme. Tofauti ni kwamba chini hakuna ardhi. Kila aliposimama ndipo nyumbani kwa muda huo. Ni Five Spot tena, Monk ameinuka kwenye piano, safari hii harudi.

Julai 1966 alizunguka Japani. Nagasaki aliomba apelekwe kwanza mahali pa kumbukumbu ya waliouawa na bomu, akasimama akasali. Mwandishi mmoja alimuuliza angependa kuwa nani miaka kumi ijayo. Alijibu kwamba angependa kuwa mtakatifu.

Onyesho lake la mwisho lililohifadhiwa ni la Aprili 23, 1967, Harlem, kwenye kituo cha utamaduni wa Kiafrika cha Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria ambaye Coltrane alikuwa amemtungia wimbo miaka mitano kabla. Kanda ni mbovu, sauti zinapasuka. Walipiga vitu viwili tu, na cha pili ni My Favorite Things. Garrison anaanza peke yake na besi kwa dakika nyingi. Kisha kundi zima linaingia, wimbo unafumuka, dhoruba ndefu ambamo huwezi kuapa kwamba uliwahi kuwa wimbo wa tamthilia. Na mara kadhaa, kutoka katikati ya makelele yale, soprano inachomoza na ile sauti ya mwanzo, mapigo matatu matatu, kila mtu ukumbini akiitambua.

Wiki kumi na mbili baadaye, Julai 17, alifariki kwa saratani ya ini hospitalini Huntington. Alikuwa na miaka arobaini.